Maigizo ya kuzunguka: Historia ambayo haikuandikwa popote

Ukitoka Malolo ukaingia barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, unapita njia ya mabasi, malori ya vitunguu na, enzi zile, vikundi vya sanaa. Kabla ya kila mtu kuwa na simu ya video, burudani ilikuwa inakuja yenyewe: gari, maspika, maboksi ya nguo, na kundi la watu waliojua kucheza kila kitu.

Serikali ndiyo iliyoanza. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, kikafuata kikundi cha taifa cha ngoma. Mwaka 1969 kikaja cha sarakasi, cha vijana waliofunzwa China, na 1974 cha maigizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyote vilikuwa vimevunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanza 1981. Hicho ndicho leo tunakiita TaSUBa.

Hapo watu binafsi na mashirika wakashika usukani. Norbert Chenga alianzisha Muungano Cultural Troupe mwaka 1980. Mwaka 1992 ikaja Tanzania One Theatre, yaani TOT, ya Kapteni John Komba, iliyokuwa karibu na CCM. Ushindani wa hizi mbili, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis akiwa Muungano, uliwagawa mashabiki kama Simba na Yanga.

Onyesho lilikuwaje?

Refu! Saa kadhaa, mara nyingi ukumbi wa baa. Sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma, sarakasi, mazingaombwe, kichekesho, taarab ya kutuzana, halafu igizo. Tiketi moja tu. Anayecheza ngoma saa kumi unamkuta saa moja ni mama mkwe kwenye igizo.

Na igizo lenyewe halikuwa na kitabu. Kiongozi anasimulia kisa, anagawa nafasi, waigizaji wanajitafutia maneno wakati wa mazoezi. Watazamaji wakicheka sana sehemu fulani, kesho inarefushwa. Visa ni vya nyumbani: mke mdogo, mirathi, mganga, kijana aliyekimbilia mjini.

Tatizo liko hapo hapo. Kitu kisichoandikwa kinaondoka na mwenyewe. Mzee Small alifariki 2014, Komba 2015, King Majuto 2018. Majuto na Small angalau tunawaona kwenye filamu, lakini walianzia jukwaani, na ya jukwaani mengi hayakurekodiwa. ITV ilipoingia 1994, kisha filamu za Bongo miaka ya 2000, kumbi zikaanza kupungua watu.

Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kinahifadhi nyumba za asili na ngoma huchezwa pale. London, makumbusho ya Victoria and Albert yana hadi mabango na nguo za waigizaji wa zamani. Nguo za vichekesho vyetu, zile suruali kubwa za kufungwa kamba, nani anazo? Pengine ziko uvunguni mwa kitanda cha mtu.

Kilosa ina haki ya kudai sehemu yake. Profesa Penina Muhando Mlama, mwandishi wa *Hatia* (1972) na *Nguzo Mama* (1982), alizaliwa Berega, wilaya hii hii. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini miaka ya 1980, Malya kule Mwanza na Msoga kule Pwani, wanakijiji wakaigiza matatizo yao wenyewe kisha wakayajadili palepale. Kazi hiyo ameiandikia kitabu, kilichotoka 1991. Ya Muungano na TOT bado yako vichwani mwa waliocheza na waliolipa kiingilio. Wengi wao sasa wana miaka sitini na kuendelea.