Namna ya Kuwasaidia Watoto Wadogo Kumwelewa na Kumkubali Ndugu Mwenye Ulemavu

Mtoto mwenye ulemavu huanza kuijua jamii nyumbani kwao, na wenzake wa kwanza ni kaka na dada zake. Namna watoto hao wanavyomtazama na kumtaja ndiyo watakayoipeleka shuleni na mtaani. Kuwaelimisha ni wajibu wa mzazi au mlezi, usioachwa kwa majirani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki na utu wao. Hata hivyo, mtoto wa miaka 4 anayeuliza kwa nini mdogo wake hatembei anahitaji jibu la mzazi.

Mweleze ukweli kulingana na umri wake. Kwa mtoto mdogo, maneno machache yanatosha: “Ubongo wake uliumia alipozaliwa, ndiyo maana miguu haina nguvu. Lakini anakusikia na anapenda kucheza nawe.” Anapoanza shule, atajiwe jina la hali yenyewe, iwe mtindio wa ubongo, usonji, uziwi au ualbino. Aelezwe pia kwamba hali hiyo haiambukizi, si laana wala uchawi, na hakuisababisha yeye kwa hasira au wivu wake. Asiahidiwe kuwa ndugu yake atapona iwapo wataalamu wa afya hawakusema hivyo.

Zipokee hisia zake. Wivu na aibu ni hisia za kawaida kwa mtoto anayeona mama akishinda na mwenzake. Asikemewe kwa kuzisema, bali akatazwe kupiga na kudhihaki. Atengewe muda wake na mzazi kila siku, hata kama ni dakika chache.

Gawa majukumu kwa haki. Katika Kata ya Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, kama ilivyo katika maeneo mengi ya wakulima, mvua zikianza wazazi hushinda shambani. Katika kipindi hicho ni rahisi mtoto mkubwa, hasa wa kike, kuachiwa ulezi wa ndugu yake. Kumshikia kikombe au kumwimbia ni msaada unaojenga upendo. Kumkosesha masomo kwa ajili ya ulezi ni kumnyima haki yake, na huweza kumfanya amwone ndugu yake kama mzigo. Mtoto mwenye ulemavu naye apewe kazi anayoiweza, na akikosea aonywe kama wengine. Watoto hutambua upesi upendeleo.

Mwandae kujibu wenzake. Ndugu yake aitwe kwa jina lake, si kwa ulemavu wake. Mtoto afundishwe kusema kwa utulivu, “Ni mdogo wangu, tunacheza naye,” na kumweleza mwalimu dhihaka zikiendelea.

Wazazi wanaohitaji ushauri wanahimizwa kufika katika zahanati iliyo karibu au kumwona Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yao. Taarifa za mtoto anayefichwa ndani, kunyanyaswa au kufanyiwa ukatili zitolewe kwa viongozi wa kijiji, polisi au kwa kupiga simu namba 116 bila malipo.