Ruhusa ya Kutangaza: Historia Fupi ya Kosa Namba 13, Kutoka Gati la Port Bell

Gati la Port Bell, Luzira, lilipewa jina la Hesketh Bell, aliyeiongoza Uganda kwa niaba ya Waingereza kati ya 1906 na 1909. Kabla reli kuu haijafika Kampala mwaka 1931, mizigo ya mji ilivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu na kushushiwa hapa. Meli ikipiga honi, nahodha hana haja ya kujua nani yuko gatini. Mchukuzi, karani wa forodha na mama muuza samaki wote wanasikia mlio mmoja. Katika mitandao ya kompyuta, kutangaza ni kupiga honi ya namna hiyo: pakiti moja ya data inatumwa kwa kila mashine iliyo karibu, hata zile ambazo mtumaji hazijui.

Historia hii niliijua kwa taabu. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya maboti yaendayo visiwani. Kondakta anaandika majina ya abiria, kisha orodha inajinakili kwenye simu nyingine zilizo gatini kabla boti halijang'oa nanga, bila kutumia bando. Watu wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa sababu. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, idadi ya waliokuwamo ilibishaniwa kwa miaka. Novemba 2018 boti la starehe lilizama upande wa Mukono, watu zaidi ya 30 wakafa, na siku za kwanza hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika walipanda wangapi.

Tulitumia Flutter ili msimbo mmoja utoshe Android na iPhone. Tulipotuma kwa simu moja moja, mambo yalikwenda sawa. Tulipotangaza kwa wote, tukajibiwa: ruhusa imekataliwa, kosa namba 13. Tulipoteza siku nzima tukikagua ruhusa za programu katika mipangilio ya simu, ilhali ruhusa iliyotajwa ilikuwa nyingine kabisa, tena ina umri mkubwa kuliko sisi.

Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake walianzisha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha visiwa vya Hawaii. Redio husikika na kila aliye karibu, apende asipende. Robert Metcalfe aliichukua fikra hiyo na kuiingiza kwenye waya alipoanza kubuni Ethernet mwaka 1973. Tangu hapo kutangaza kukawa rahisi mno, na urahisi huo ndio ulioleta hofu: tangazo moja linaikatiza kazi kila mashine mtandaoni. Ndiyo maana mfumo wa 4.2BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotolewa 1983, ulimruhusu msimamizi mkuu peke yake kutangaza. Toleo la 4.3BSD la 1986 lililegeza sharti hilo. Mtumiaji yeyote angeweza kutangaza, mradi aiambie soketi yake waziwazi kwamba amekusudia. Asipoiambia, anakataliwa. Simu zetu zimerithi desturi hiyo. Katika Flutter ni mstari mmoja tu wa kuwasha utangazaji kwenye soketi, na kosa namba 13 likatoweka.

Tatizo la pili lilikuwa anwani. Tuliandika kwamba anwani ya kutangazia huishia na 255, kama tulivyozoea kwenye ruta za nyumbani. Hotispoti ya iPhone hugawa mtandao wenye anwani 16 tu, na tangazo lake huenda 172.20.10.15. Sisi tulikuwa tunapiga honi kwenye gati lisilokuwapo. Nilifarijika kidogo kugundua kwamba wakubwa pia waliwahi kuchanganyikiwa hapa: 4.2BSD ilitumia sifuri katika anwani ya tangazo, lakini Oktoba 1984 Jeffrey Mogul wa Stanford aliandika kanuni iliyotaka moja, na mashine za aina mbili zilipokutana kwenye waya mmoja zilisababisha dhoruba za pakiti.

Android nayo ilikuwa na lake. Simu ilituma bila kosa lolote, ila nyingine hazikupokea. Ili kulinda betri, waifai ya simu nyingi huchuja pakiti ambazo hazikuandikiwa simu hiyo yenyewe. Programu inapaswa kuomba kufuli maalumu la kuzipokea, kisha kuliachia ikimaliza. Kwa maoni yangu hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu kosa lenye namba unaweza kulitafuta, lakini ukimya huna pa kuushika.

Hofu ya tangazo haikuisha. Mwaka 1998 mashambulizi yaliyoitwa Smurf yalitumia matangazo kuwafurikisha watu pakiti, na Agosti 1999 ikapitishwa kanuni kwamba ruta zisipitishe matangazo yatokayo nje. IPv6 iliyafuta kabisa. Mwaka 2020 iOS 14 ikadai mwenye simu aguse kitufe cha kuruhusu mtandao wa karibu, na mtengenezaji naye aiombe Apple kibali cha kutangaza. Zamani ruhusa ilitoka kwa msimamizi wa mashine, na sasa inatoka kwa kampuni iliyo ng'ambo. Sioni kwamba tumesogea sana.

Kibali hatukukisubiri. Kwenye mtandao wa anwani 16, zinazoweza kupewa mashine ni 14, na moja ni ya mwenye hotispoti. Kuzitumia pakiti zile 13 zilizobaki moja baada ya nyingine kulichukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii. Siku ya majaribio gatini, orodha ya majina 22 ilifika kwenye simu tano kati ya sita. Ya sita ilikuwa iPhone ya mama mmoja muuza mukene, ambaye alikuwa amegusa kitufe cha kukataa. Alituambia, "Wanangu, nilidhani mnataka salio langu."