Kidonge cha Supu na Tui la Kopo

Wazee wetu waliohamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964, wengi wao wakifika baada ya 1970, hulalamika kwamba supu za dukani zimepoteza ladha. Lakini hicho kilichopotea, kiliwahi kuwamo? Unga wa supu wa Julius Maggi wa Uswisi ulitoka mwaka 1886, ukikusudiwa wafanyakazi wa viwandani waliokosa wasaa wa kupika. Kidonge kikafuata mwaka 1908. Chumvi ndiyo nguzo yake. Hakikupata kuchukua nafasi ya mifupa iliyotokota tangu alfajiri.

Kwa tui la kopo, hata hivyo, nakubaliana na wazee. Nazi iliyokunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu ilitoa matui mawili: jepesi la kupikia, na zito, yaani kasimile, lililotiwa mwishoni juu ya moto mdogo. Hapo ndipo harufu ilipohifadhiwa. Koponi hakuna la kwanza wala la pili. Tena kopo hupitishwa kwenye moto unaozidi ule wa maji yachemkayo, ili lidumu miaka. Kiwanda kilitafuta udumifu, nacho kikaupata.

Nazi zenyewe hazikosekani, kwani Salalah kuna minazi tele. Kilichotoweka majumbani Maskati ni mbuzi. Wajukuu wameijua ladha ya Unguja kwa njia ya kopo, na siku bibi akikuna nazi, huuliza ni kiungo gani kipya alichotia mchuzini.