Kimo cha Mtu na Uamuzi wa Kukiongeza

Kimo ni miongoni mwa mambo ambayo mtu huyapokea wala hayachagui. Hurithiwa kwa wazazi, hulishwa na chakula cha utotoni, hupunguzwa na njaa na maradhi, kisha baada ya ujana kukomaa hukoma kuongezeka. Tangu hapo mifupa imekwisha kusema neno lake la mwisho, na vizazi vingi viliishi na kufa bila ya kumwona mtu aliyelipinga neno hilo. Mfupi aliyetamani urefu alikuwa na njia mbili tu: kuinua kisigino cha kiatu chake, au kuinua cheo chake hata watu wasahau kumpima kwa macho. Katika karne ya 20 ilitokea njia ya tatu. Iliwezekana kuukata mfupa mzima wa mguu usio na kasoro, kuuvuta polepole, na kumsimamisha mtu akiwa ameongezeka sentimita 5 au zaidi. Jambo lililokuwa majaaliwa likawa hiari, na hiari haikosi kumdai mtu uamuzi. Historia ya njia hiyo yafaa kuangaliwa, kwa kuwa ndani yake dawa iliyotafutwa kwa ajili ya kilema ilifika mikononi mwa mtu asiye na kilema.

Tamaa ya urefu ni kongwe kuliko upasuaji huu. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia, aliyetawala kutoka mwaka 1713 hata 1740, aliunda kikosi cha askari warefu kule Potsdam. Aliwatafuta katika nchi yake na katika nchi za wengine, kwa fedha na hata kwa kuwateka. Alipokufa, mwanawe Friedrich wa Pili alikivunja kikosi hicho, na thamani ya watu wale ikaondoka pamoja na jicho lililoitoa, ijapokuwa mifupa yao haikupungua hata kidogo. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1715, alivaa viatu vya visigino virefu vyekundu, na watu wa baraza lake wakamwiga. Lakini kisigino cha kiatu kina fadhila moja ambayo mfupa hauna: huvuliwa jioni, na aliyechoka nacho hakivai kesho.

Kisu kilipoingia katika jambo hili hakikuja kwa ajili ya urembo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwako watu wengi ambao mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko wa pili. Wengine walivunjika na mfupa ukaungana vibaya, wengine walipatwa na maradhi ya kupooza utotoni, wengine walizaliwa hivyo. Mwaka 1905 Alessandro Codivilla, mpasuaji wa Istituto Rizzoli mjini Bologna, nchini Italia, alitangaza kazi yake ya kuirefusha miguu ya namna hiyo. Aliukata mfupa wa paja, akapitisha msumari katika mfupa wa kisigino, akauvuta mguu kwa nguvu, kisha akaushika kwa plasta ngumu. Mguu ulirefuka, lakini kwa gharama kubwa. Mfupa waweza kutenganishwa kwa dakika chache, bali misuli, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu haikubali amri ya ghafula. Wapasuaji walioifuata njia hiyo walikutana na kupooza, ngozi iliyokufa, usaha, na mifupa iliyokataa kuungana. Kwa miaka mingi kazi hii ilihesabiwa kuwa ya yule tu ambaye kilema chake kilikuwa kizito kuliko hatari yenyewe. Aliyeamua kulala mezani pa mpasuaji alijua anakimbia nini.

Mabadiliko makubwa yalitoka mahali ambapo wakuu wa elimu hawakupatazamia. Gavriil Ilizarov alizaliwa mwaka 1921, akakulia katika umaskini huko Azerbaijan, akamaliza masomo ya udaktari mwaka 1944, akapelekwa katika kijiji cha Dolgovka, jimbo la Kurgan, Siberia ya Magharibi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewarudisha nyumbani watu wengi wenye mifupa iliyovunjika, na daktari wa kijijini alikuwa na vifaa vichache. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alibuni chombo chake: pete za chuma za kuuzunguka mguu, nyuzi nyembamba za chuma za kupita ndani ya mfupa, zilizokazwa mfano wa njiti za gurudumu la baisikeli, na fito zenye nati za kuziunganisha pete hizo. Mwaka 1952 aliomba hati ya uvumbuzi. Kusudi la kwanza lilikuwa kuvishika vipande vya mfupa hata viungane. Husimuliwa kwamba mgonjwa mmoja aliyeagizwa kuzikaza nati ili vipande visogeleane alizizungusha kinyume, navyo vikaachana. Daktari alipotazama picha ya eksirei aliona mfupa mpya ukiota katika pengo. Yawezekana kisa hicho kimepambwa na wasimulizi, lakini ukweli uliomo haukanushiki: mfupa uliokatwa kwa uangalifu na kuvutwa polepole hulijaza pengo lake wenyewe.

Ilizarov aliupima mwendo wa jambo hilo kwa majaribio juu ya mbwa, na maelezo yake yalipigwa chapa kwa Kiingereza mwaka 1989. Mfupa ukivutwa nusu milimita kwa siku, aghalabu huwahi kufunga na kukataa kuendelea. Ukivutwa milimita 2, mwili hushindwa kuufuata na mfupa mpya hauoti vema. Milimita 1 kwa siku, iliyogawanywa katika hatua ndogo nne au zaidi, ndiyo iliyofaa. Wahenga waliosema kwamba haba na haba hujaza kibaba hawakuwa wakiuwaza mfupa wa muundi, lakini mfupa huo nao wafuata shauri hilo, na aliye na haraka humwadhibu.

Sifa za Kurgan zilienea kwa miguu ya watu wawili mashuhuri. Wa kwanza ni Valery Brumel wa Umoja wa Kisovyeti, aliyeruka juu mita 2.28 mwaka 1963 akaweka rekodi ya dunia, na mwaka 1964 akapata nishani ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 1965 mguu wake ulipondwa katika ajali ya pikipiki. Alipasuliwa mara nyingi bila ya mafanikio kabla ya kufika kwa Ilizarov mwaka 1968. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: Brumel alipona, akaruka tena kupita mita 2, ingawa ubingwa wake wa zamani haukurudi. Wa pili ni Carlo Mauri, mpanda milima wa Italia, ambaye kwa miaka mingi aliteswa na mguu uliovunjika usipone sawasawa. Alikwenda Kurgan mwaka 1980, na aliporudi, madaktari wa kwao waliistaajabia kazi waliyoiona. Mwaka 1981 Ilizarov alialikwa Bellagio, nchini Italia, kuyaeleza maarifa yake, na kutoka huko yakaenea Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 1992.

Hata hapo njia hii ilikuwa na mpaka ulio wazi. Mguu uliokuwa mfupi ulipimwa kwa mguu mwenzake katika mwili uleule. Ukiwa umepungua sentimita 4, kazi ya daktari ilikuwa kuongeza sentimita 4, na zikitimia kazi imekwisha. Kipimo kilikuwa ndani ya mgonjwa, wala hakikubadilika kwa maneno ya jirani.

Mpaka huo ulianza kutikisika njia ilipotumiwa kwa watu waliozaliwa na ubilikimo wa mifupa. Miguu ya watu hawa ni sawa kwa sawa. Kilicho kirefu kuliko wao ni ulimwengu uliojengwa na wengine: ngazi, meza ya benki, kiti cha gari, kitasa cha mlango. Kuna waliosema kwamba kumwongezea mtu kama huyo sentimita 20 au 30 ni kumfungulia mlango aliofungiwa. Wengine, na miongoni mwao walikuwamo wenye ubilikimo wenyewe, walijibu kwamba yafaa mlango ndio urekebishwe, wala si haki mtoto ateswe kwa miaka kadhaa ili akitoshee kitasa. Mabishano hayo hayajakoma, na kila upande una haki ndani yake. Lakini kwa historia hii lililo kubwa ni kwamba kipimo kilikuwa kimetoka ndani ya mwili wa mgonjwa kikakaa nje yake.

Baada ya hapo ilibaki hatua moja. Mtu mwenye miguu miwili iliyo sawa, awezaye kufikia kila kitasa, alikuja akasema kwamba yu mfupi. Alikuwa mfupi kuliko nani? Kuliko watu wengine. Nchini China, katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 na miaka ya kwanza ya karne ya 21, neno hilo halikuwa ndoto ya mtu mmoja. Matangazo ya kazi yalitaja kimo kilichotakiwa, na vijana wenye elimu waliweza kukataliwa kabla ya kuulizwa wanajua nini. Wengi waliingia katika upasuaji, na wengine waliangukia mikononi mwa watu wasio na ujuzi wa kutosha, wakatoka na mifupa iliyopinda au isiyoungana. Mwaka 2006 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilipiga marufuku upasuaji huu kwa ajili ya urembo, ikauruhusu kwa sababu za tiba tu. Serikali ilikifunga kisu, lakini jicho lililompeleka kijana kwenye kisu halifungwi kwa amri moja.

Wahenga wamesema: msiba wa kujitakia hauna kilio. Wapo wanaoitumia methali hii kumhukumu aliyeharibikiwa na upasuaji wa namna hii. Hukumu hiyo ni nyepesi kupita kiasi. Kijana aliyesoma tangazo la kazi akaona sentimita zimetangulia mbele ya shahada, je, alijitakia? Mkono uliotia sahihi ni wake, bali waliouongoza mkono huo ni wengi, nao hawakulala hospitali hata siku moja. Kwa upande mwingine, si haki kumfanya kama mtoto asiyejua alifanyalo. Watu hunyoosha meno yaliyo mazima na kuondoa makovu yasiyouma, wala hawashitakiwi kwa upuuzi. Huzuni ya mtu anayedharauliwa kila siku si ya uongo kwa sababu tu haionekani katika eksirei.

Lakini uamuzi huu una hesabu yake, na yafaa ihesabiwe kabla. Sentimita 5 ni milimita 50, yaani siku 50 za kuvuta, na kwa hatua nne kila siku ni hatua 200. Baada ya kuvuta, mfupa mpya hudai muda wa kuwa mgumu, na kwa desturi kila sentimita moja huhitaji kiasi cha mwezi mmoja au zaidi. Katika muda huo misuli huvutika na kuuma, kano ya kisigino hukaza hata kisigino kikatae kugusa ardhi, na mahali nyuzi zinapopita katika ngozi huweza kuingia usaha. Mishipa ya fahamu huweza kudhurika. Mara chache mafuta ya ndani ya mfupa huingia katika damu na kumwua mtu aliyeingia hospitali akitembea. Mwaka 2011 ulikubaliwa nchini Marekani msumari wa kuwekwa ndani ya mfupa na kurefushwa kwa sumaku kutoka nje, usiohitaji pete wala nyuzi za kutoboa ngozi. Taabu ya usaha na makovu ilipungua, gharama ikapanda hata makumi ya maelfu ya dola, lakini mwendo wa mfupa haukubadilika. Ni karibu na milimita ileile ya Kurgan, siku kwa siku.

Na hesabu hiyo ina upungufu ambao hakuna chombo kiwezacho kuutibu. Mguu uliopungua sentimita 4 hujua mwisho wa haja yake. Kimo kinachopimwa kwa watu wengine hakiujui. Aliyekuwa wa sentimita 162 akifika 168 atawapita baadhi ya watu, naye atawaona zaidi wale wa 175. Kama wote wangejirefusha, wafupi wangebaki walewale, na maumivu yangekuwa yamegawiwa kwa wote bila ya faida. Kwa sababu hiyo daktari mwenye busara humwuliza mtu wa namna hii mambo mengi zaidi ya urefu anaoutaka: ni nani aliyempima, tangu lini, na kama maneno ya mtu huyo yatanyamaza baada ya sentimita 5.

Chombo cha Ilizarov kiliwapa wagonjwa jambo moja ambalo upasuaji mwingine hauwapi. Funguo ya kuzungusha nati ilikabidhiwa mgonjwa mwenyewe au jamaa yake, naye aliamka kila asubuhi akauvuta mfupa wake robo milimita. Kwa hiyo uamuzi haukwisha siku ya kutia sahihi. Ulirudiwa mchana, jioni na kabla ya kulala, kwa maumivu na kwa akili timamu. Aliyekuwa akiurudisha mguu ulioliwa na ajali alijua kila mara kwa nini anaizungusha nati, akayahesabu maumivu yake mpaka kikomo chake. Aliye na miguu mizima anao uhuru uleule na funguo ileile, lakini kikomo sharti akiweke yeye mwenyewe, na akiweke kabla ya nati ya kwanza kuzungushwa.