Watu Hamsini na Watano

Yamkini wewe, msomaji, umekwisha kumpelekea ndugu yako salamu kwa WhatsApp, wala hukuuliza ni nani aliyezichukua. Mwezi wa Februari 2014, kampuni ya Facebook ilipokubali kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, watumiaji wake walikuwa kama milioni 450, na wafanyakazi wake wote 55. Hao hawalijazi hata bweni moja la shule. Piga hesabu mwenyewe: kila mmoja alihudumia watu zaidi ya milioni nane.

Aliyeianzisha mwaka 2009 ni Jan Koum, mzaliwa wa Ukraine, ambaye alihamia California na mama yake akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Alipata kufagia duka, nao walisimama mstarini kungojea hati za chakula cha serikali. Mwenzake, Brian Acton, aliomba kazi Facebook mwaka huo huo wa 2009, akakataliwa.

Waliwezaje? Zamani, aliyetaka kuchukua habari za watu ilimpasa kwanza kusimamisha nguzo na kutandaza nyaya. Hawa hawakusimamisha nguzo hata moja. Minara ilikuwa ya wengine. Simu alijinunulia mtumiaji mwenyewe. Hata orodha ya marafiki zake ilikuwa tayari ndani ya simu hiyo. Kompyuta walikodi. Na lugha waliyotumia kuziamuru, iitwayo Erlang, ilibuniwa na mafundi wa kampuni ya Ericsson huko Sweden katika miaka ya 1980, kwa ajili ya mitambo ya simu, ili mazungumzo mamoja yakikatika mengine yasidhurike. Mwaka 1998 Ericsson iliitoa bure, atakaye aitumie. Kwa lugha hiyo, kufikia mwaka 2012, kompyuta moja ya WhatsApp iliweza kushika simu zaidi ya milioni mbili kwa wakati mmoja.

Basi hesabu ile ya 55 isikudanganye. Nyuma yao walikuwako maelfu wa mafundi waliokwisha kulipwa ujira wao na watu wengine, na majina yao hayamo katika hati ya mauzo.

Hati hiyo Koum hakuitia sahihi ofisini. Alikwenda na wenzake mpaka kwenye jengo moja kuukuu mjini Mountain View, akaiegemeza mlangoni, akaandika jina lake. Ndipo alipokuwa akisimama mstarini na mama yake.