Nzi hufungwa Nairobi, jodari huvuliwa Watamu

Sisi watu wa mwambao tumezoea kuziona boti za kitalii zikitoka alfajiri Watamu, Malindi na Shimoni, fito zake ndefu zimechomoza ubavuni kama masharubu ya kamba. Tunajua zinafuata nduwaro, sulisuli, fulusi na jodari. Kisichojulikana sana ni kwamba baadhi ya wageni waliomo hawatumii chambo kabisa. Wanatumia nzi: ndoana iliyofungwa manyoya, nywele za mnyama na nyuzi zing'aazo mpaka ikafanana na simsim. Na nzi wengi wa namna hiyo wanaouzwa Ulaya na Marekani hufungwa hapa hapa Kenya, na Nairobi ni mojawapo ya makao makuu ya kazi hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi ninayeishi Nairobi, upande wa magharibi wa jiji, Dagoretti. Kila nikirudi nyumbani naulizwa: huo uvuvi wa nzi ni kitu gani, una faida gani, na vijana wetu wanapata nini? Nimeona bora niyaweke majibu mahali pamoja.

Tuanze na jina, maana linachekesha. Baharini hakuna nzi wa kuliwa na jodari. Jina limetoka mitoni, kwa samaki wa maji baridi aitwaye trauti, ambaye hula wadudu wanaoelea juu ya maji. Wazungu wa Uingereza walikuwa na mchezo wa kumdanganya kwa mdudu wa manyoya, na walipokuja kukaa Kenya wakaja na mchezo wao. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi aliyekuja pia kujenga hoteli ya Torr's katikati ya Nairobi, alileta trauti kutoka Scotland na kuwapandikiza katika mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti wakazaana na wavuvi wao wakahitaji nzi. Kuwaagiza Uingereza kulikuwa ghali, na mikono ya kuwafunga ilikuwepo hapa. Kazi ikajifunzwa, ikakua, na mwisho wake ikageuka: badala ya Kenya kununua nzi Uingereza, Uingereza ikawa inanunua nzi Kenya. Fulling Mill, kampuni ya Uingereza inayojulikana na kila mvuvi wa nzi duniani, imekuwa na kiwanda chake Nairobi kwa miaka mingi. Nje ya viwanda kuna vyumba vidogo, watu watatu wanne kila kimoja, wengi wao waliojifunza kiwandani wakatoka kujitegemea.

Nimeingia katika chumba kimoja cha namna hiyo, si mbali na ninapoishi. Meza ni ya kawaida. Juu yake kuna jiliwa ndogo ya kushikia ndoana, mkasi mwembamba, uzi, gundi, na mifuko ya manyoya ya jogoo yaliyotiwa rangi. Mama aliyenipokea amefanya kazi hii tangu usichana wake. Hulipwa kwa dazeni, na kila nzi wa dazeni lazima afanane na sampuli: urefu huo huo, kichwa hicho hicho, unyoya usilale upande. Mmoja akipinda hurudishwa. Nilipomwambia natoka Malindi alisimamisha mkono.

"Huyo samaki wenu wa bahari," akaniuliza, "ana meno?"

Lilikuwa swali la fundi. Nikamwambia jodari ana meno madogo, hakati mshipi kama nguru. Akatikisa kichwa, akaongeza mizunguko miwili ya uzi hata hivyo.

Nzi wa jodari si kama wa trauti. Wa trauti unaweza kuwaweka kumi kwenye kiganja, lakini wa jodari ni mrefu kama kidole au zaidi, kwenye ndoana nene ya namba 2/0 hadi 4/0 isiyoshika kutu upesi. Mitindo miwili ndiyo maarufu zaidi. Mmoja huitwa Lefty's Deceiver, wa Mmarekani Lefty Kreh, uliofungwa kwa manyoya marefu ya jogoo yanayopumua ndani ya maji. Wa pili ni Clouser Minnow, wa Mmarekani mwingine, Bob Clouser, wenye macho mawili ya chuma yanayomfanya nzi ashuke kwa kichwa na ndoana ielekee juu. Ukivutwa, nzi huyo hupanda na kushuka kama samaki aliyejeruhiwa.

Sasa urushaji. Mvuvi wetu akirusha mshipi wa mkono, kinachoubeba ni chubwi. Nzi hana uzito wa kumwezesha kufika popote, kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe. Mshipi huo ni mnene, umepakwa plastiki, na mvuvi huupeleka nyuma na mbele hewani kwa fimbo inayopindika hadi upate kasi, kisha huuachia na nzi hufuata kama mkia. Fimbo za jodari hupimwa namba 12, na nyuma ya mshipi mnene kuna mita mia kadhaa za mshipi mwembamba wa akiba ndani ya rili. Akiba hiyo si mapambo. Jodari akishikwa hakimbii pembeni kama kolekole anayetafuta mwamba. Huzama moja kwa moja kilindini, na wa kilo 20 tu anaweza kumshughulisha mtu mzima nusu saa na zaidi, akizungukazunguka chini ya boti kama anayechimba kisima.

Hapo ndipo kazi ya nahodha inapoonekana, na manahodha hao ni ndugu zetu. Mgeni anaweza kuwa na fimbo ya bei ya pikipiki, lakini hajui jodari wako wapi. Nahodha huangalia ndege wa bahari: wakiruka juu wametawanyika, bado wanatafuta, wakishuka kwa pamoja na kuchovya, chini yao kuna simsim waliosukumwa juu, na chini ya simsim kuna jodari au sehewa. Huangalia rangi ya maji na mistari ya mkondo. Kisha huja sehemu ngumu. Boti ya kurambaza huweza kupita katikati ya kundi ikiburuta mishipi, ila ya nzi haiwezi, kwa sababu ikipita juu ya kundi samaki huzama. Nahodha hulizunguka, huenda mbele yake upande wa upepo, huzima injini au kuiacha ikinguruma polepole, na mgeni ana dakika moja au mbili za kurusha. Njia nyingine ni kuburuta chambo kisicho na ndoana nyuma ya boti. Samaki akikifuata, baharia hukivuta upesi na mgeni hutupa nzi mahali pale pale. Baharia akichelewa kuvuta, au akivuta mapema, samaki amekwenda. Mimi nasema wazi kwamba nusu ya samaki anayepigwa picha na mgeni ni wa baharia.

Msimu unafuata pepo, kama kila kitu chetu. Kusi likiwa kali, kuanzia Mei hadi Julai, boti nyingi hupandishwa zikatengenezwa. Kuanzia Agosti bahari ikianza kulegea, jodari hupita Watamu na Malindi, na miezi ya Agosti hadi Oktoba ndiyo inayosifiwa kwake. Kaskazi likiingia, shauku ya wageni hugeukia nduwaro na sulisuli hadi Machi. Ernest Hemingway, ambaye jina lake limekuwa biashara huku kwetu, alivua Malindi mwanzoni mwa 1934, ndani ya kaskazi.

Jina hilo linanirudisha Nairobi. Kuna hoteli ya Hemingways Watamu, na kuna dada yake Hemingways Nairobi, iliyoko Karen. Mtu anaweza kulala Karen leo, kesho akaruka hadi Malindi na keshokutwa akawa baharini. Nzi aliye mkobani mwake, kama alinunuliwa duka la London, huenda alifungwa mwendo wa matatu moja kutoka hotelini Karen. Ametoka Nairobi kwa dazeni, akapanda ndege hadi Ulaya, akawekwa kwenye kisanduku chenye jina la kampuni, akauzwa mmoja mmoja, akarudi Kenya mfukoni mwa mgeni, akaishia mdomoni mwa jodari wa Watamu. Katika safari hiyo yote, mikono miwili iliyofanya kazi kubwa, ya mama wa Dagoretti na ya baharia wa Watamu, haijawahi kukutana.

Hili ndilo linaloniuma. Boti hupoteza nzi kila siku: mshipi hukatika, papa hupita, manyoya huchakaa. Mgeni akiishiwa, kwenye boti hakuna wa ziada isipokuwa waliosahauliwa na mgeni wa mwaka jana. Jogoo tunao, mbuzi tunao, na nywele za mbuzi ni malighafi nzuri ya nzi wakubwa. Kinachobaki kununuliwa ni ndoana, uzi, gundi na jiliwa. Mwaka juzi nilimpelekea mpwa wangu, baharia wa boti ya kitalii, jiliwa na mfuko wa vifaa nilionunua Nairobi. Nzi wake wa kwanza walinyonyoka kwa mrusho wa pili. Alirudia, akajifunza kukaza uzi wa chini kabla ya kuweka unyoya, na Septemba iliyopita mgeni alivua sehewa wawili kwa nzi wake mweupe na kijani, akanunua wote waliobaki. Si utajiri. Lakini zilikuwa pesa ambazo hazikutegemea bahashishi.

Wazee wengine nyumbani huniambia, "Mwanangu, huo ni mchezo wa kumaliza samaki wetu." Hoja yao naiheshimu, lakini lawama hiyo naona imekwenda mlango usio wake. Jodari huzunguka bahari yote ya Hindi, ndiyo maana anasimamiwa na tume ya nchi nyingi, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Ushelisheli. Kenya ni mwanachama tangu 2004. Mwaka 2015 wataalamu wa tume hiyo walisema jodari wa mapezi ya manjano amevuliwa kupita kiasi, na 2016 nchi wanachama zikapitisha mpango wa kumrejesha. Tathmini ya 2024 ilikuwa na habari njema zaidi. Wanaotajwa sana katika mabishano hayo ni meli kubwa za nyavu za kuzungushia, hasa zinapovua kwenye vielelezo vilivyoachwa vikielea, ambavyo jodari wachanga hupenda kukusanyika chini yake. Mtu mwenye fimbo huvua samaki mmoja kwa wakati, na mara nyingi humrudisha. Watamu kuna shirika liitwalo African Billfish Foundation ambalo kwa miongo kadhaa limewashirikisha wavuvi hawa kuwawekea alama nduwaro na sulisuli na kuwaachia, na alama hizo zimetufundisha wanakokwenda.

Kumrudisha jodari kuna namna yake. Samaki huyu hapumui akiwa amesimama. Lazima aogelee ili maji yapite kwenye matamvua. Aliyechoka kwa kupigana akiwekwa tu ubavuni mwa boti atazama akafa. Mabaharia wazoefu humtupa kwa kichwa, kama mkuki, ili maji yaingie mdomoni kwa nguvu. Mgeni huona ni ukatili, lakini ndiyo huruma yenyewe.

Akibaki botini, kwa desturi ya boti nyingi ni mali ya boti, si ya mgeni. Hapa naomba wasomaji wa Nairobi nao wasikilize. Jodari ana mwili wenye joto kuliko samaki wengi, na baada ya kupambana joto hilo huzidi. Asipochinjwa akatoka damu mara moja na kufukiwa kwenye barafu, nyama yake hujenga sumu iitwayo histamini. Dalili zake ni uso kuwaka wekundu, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio na tumbo kuvurugika, ndani ya dakika chache au saa moja mbili. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na samaki anaweza asinuke. Kwa hiyo ukisimama mbele ya meza za samaki pale City Market, barabara ya Muindi Mbingu, usiulize bei kwanza. Uliza amekaa kwenye barafu tangu lini, mguse uone kama barafu imemzunguka au amewekwa juu yake kwa maonyesho tu. Nyama iwe nyekundu na imeshikana. Ya kahawia iliyolegea iache. Ulimi ukihisi kuwashwa kama pilipili kwa tonge la kwanza, tema. Akipikwa vizuri lakini hakuhifadhiwa vizuri, bado ni hatari.

Kwa kijana wa boti anayetaka kujaribu kufunga, aanze na Clouser, maana ana nywele tu na macho, hana manyoya ya kulinganisha. Rangi mbili zinatosha kwa maji yetu: nyeupe na kijani, nyeupe na buluu. Macho yafungwe kwa uzi wa msalaba, mizunguko mingi, kisha gundi. Nywele zisizidi, nzi mwembamba huzama na kuogelea, nzi mnene huelea kama mfuko. Akimaliza, amshike ndoana kwa koleo na avute nywele kwa nguvu zake zote. Zikitoka mkononi, zingetoka kwa jodari.