Nyumba Zilizoachwa Njiani

Kuanza kujenga ni jambo la furaha. Siku ya kuchimba msingi watu hukusanyika, wakubwa hutoa hotuba, jiwe la kwanza huwekwa, na kila mtu hujiona kana kwamba amekwisha kabidhiwa ufunguo. Kumaliza ni jambo jingine. Bila shaka wewe, msomaji, umepata kuona kando ya njia kuta zilizosimama pasipo paa, miti ikiota mahali palipokusudiwa kuwa sebule, na nondo zenye kutu zikichomoza juu ya nguzo. Je, umepata kujiuliza ni kwa nini nyumba hizo ziliachwa? Swali hilo ni la historia, nasi tutalitafutia jibu tukianzia Voi na nchi ya Wataita na Wataveta.

Yafaa tuanze na ardhi, maana hakuna nyumba isimamayo hewani. Ukiitazama Kaunti ya Taita Taveta katika ramani ya Kenya utaona nchi kubwa, yapata kilomita za mraba 17,000. Lakini zaidi ya nusu yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948 kwa ajili ya wanyama, na sehemu kubwa ya nchi tambarare iliyobaki ilikatwa kuwa mashamba makubwa ya mkonge na ya mifugo. Mwananchi atakaye kujenga hubaki na milima, ambako vishamba vimegawanywa vizazi kwa vizazi, au viunga vya miji.

Watu wa Kasigau walijifunza kwa uchungu jinsi nyumba ilivyo dhaifu pale ambapo mwenye nyumba hana sauti juu ya ardhi. Mwaka 1915, katika Vita Kuu vya Kwanza, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka yakaishambulia kambi ya Waingereza huko Kasigau. Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa walimsaidia adui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Huko wengi walikufa kwa maradhi, na waliosalia walikaa miaka mingi ugenini kabla ya kurudishiwa mlima wao. Nyumba zao hazikuachwa kwa uvivu wala kwa ukosefu wa miti na udongo. Ziliachwa kwa sababu amri juu ya ardhi ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Mji wa Voi nao ulikua kwa amri ya namna hiyo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo, na wakati wa vita vile reli ya pili ilitandikwa kutoka Voi kuelekea Taveta ili kubeba askari. Njia panda huita watu. Wengine walikuja kutafuta kazi ya reli, wengine kazi ya mkonge, na kwa kuwa hawakupewa mahali pa kukaa, walijijengea vibanda vya miti na udongo katika ardhi isiyokuwa yao. Hivyo ndivyo kilivyokua kitongoji kiitwacho Tanzania-Bondeni. Mtu aliweza kukaa hapo miaka mingi, akazaa na kulea, lakini asithubutu kujenga ukuta wa mawe. Ni nani atakayetia akiba yake mahali anapoweza kufukuzwa kesho?

Serikali haikukosa kuliona tatizo hilo. Halmashauri Kuu ya Nyumba iliundwa mwaka 1953, wakati wa ukoloni. Na mwaka 1967, baada ya Uhuru, ikafuatwa na Shirika la Taifa la Nyumba. Nyumba zilijengwa katika miji mingi, lakini watu waliohamia mijini walizidi idadi ya milango. Kisha, katika miaka ya 1980 na 1990, majengo mengi ya umma yalikwama kabla ya kwisha, hata serikali iliyoingia mwishoni mwa mwaka 2002 ikalazimika kuanza kuyahesabu na kuamua yapi yamalizwe.

Jengo hukwamaje? Mkandarasi hulipwa kwa kadiri ya kazi aliyoitenda. Mkaguzi hupima, hutia sahihi, na malipo hufuata. Malipo yakichelewa, mkandarasi hawezi kuwalipa mafundi wala kununua saruji. Tena mikataba mingi humpa haki ya kudai riba juu ya fedha zilizocheleweshwa. Mafundi hutawanyika na kazi husimama, lakini deni halisimami. Wakati huohuo mvua huingia katika kuta zisizo na paa, na nondo zilizo wazi hushika kutu. Kutu hiyo huvimba, ikaipasua zege kutoka ndani. Serikali ikirudi baada ya miaka kumi, hukuta bei zimepanda, riba imeongezeka, na kuta nyingine hazifai kubeba ghorofa. Ndiyo maana jengo lililoachwa huweza kula fedha nyingi kuliko jengo lililokwisha, na hali halimpi mtu yeyote kivuli.

Wengine walidhani dawa ni kumpa mwananchi kiwanja chenye maji na choo, ajijengee mwenyewe kidogo kidogo. Njia hiyo ilijaribiwa Dandora, Nairobi, kuanzia mwaka 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja yapata 6,000 vilitolewa. Nyumba zilisimama, lakini wengi wa maskini waliopewa viwanja waliviuza au walivipangisha, wakahamia kwingine. Kazi ilikwisha, lakini waliokusudiwa hawakuwamo ndani.

Watu wa Tanzania-Bondeni walipofikiwa na mradi wa miji midogo, uliosaidiwa na Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, walitafuta njia ya tatu. Walikubaliana kwamba ardhi iwe mali ya wote chini ya wadhamini, na kila mwanachama awe na mkataba wa kukaa na nyumba iliyo yake. Nyumba aweza kuirithisha au kuiuza, ardhi hapana. Kwa njia hiyo walitumaini kwamba tajiri wa mbali hataweza kuwanunua mmoja mmoja. Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa Marekani tangu mwaka 1969, na wakulima weusi wa jimbo la Georgia. Wakulima hao nao walipoteza shamba lao mwaka 1985 kwa sababu ya madeni.

Huko Voi mashaka yalikuwa ya karatasi. Sheria za Kenya hazikuwa na mlango ulioandaliwa kwa umiliki wa namna ile, ikabidi kuunganisha sheria ya vyama na sheria ya wadhamini. Hati zilikawia, na katika kukawia huko baadhi ya wanachama walianza kutamani kila mtu awe na hati yake. Barabara zilipimwa na nyumba bora zilijengwa, na hilo si jambo dogo. Lakini mfano wenyewe haukuenea nchini kama ilivyotumainiwa. Basi tazama, msomaji: mradi waweza kukwama katika jalada la ofisi kama unavyokwama ukutani.

Jambo hili lakuhusu wewe. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 iliagiza asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi ikatwe kwa ajili ya ujenzi, na mwajiri atoe kiasi hichohicho. Fedha hizo zatoka katika jasho la mzazi wako, na labda zitatoka katika jasho lako. Siku utakapoalikwa kushangilia jiwe la kwanza, piga makofi, kwani kujenga ni jambo jema. Kisha uliza kwa adabu: Ardhi hii ni ya nani, na hati yake iko wapi? Fedha za paa zimekwisha tengwa, au zimetengwa za msingi tu? Ni nani atakayekaa humu, naye ataweza kulipa kodi? Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Nasi twaweza kuongeza kwamba asiyeuliza siku ya msingi hulipia ukuta asioulalia.